Mwaka Mwalimu Tabitha Alipoikosa Karamu ya Wafadhili

Desemba hii nimepokea ujumbe kwenye simu kutoka ofisi niliyoitumikia mpaka nikastaafu. Ulianza hivi: "Mpendwa JINA LA MFADHILI, tunakushukuru kwa moyo wako." Nilicheka mpaka jirani akaja kuchungulia kuna nini. Najua ilivyotokea. Mmoja wenu ameandika ujumbe mmoja wa watu wote, mashine ikatakiwa kujaza majina, haikujaza, na yeye akabonyeza kabla ya kusoma. Sina kinyongo naye. Enzi zetu tuliwahi kumpelekea mzee mmoja wa Iringa barua ya pole kwa kufiwa na mkewe, na mke mwenyewe ndiye aliyepokea bahasha mlangoni. Alitupigia simu kutwambia kwamba anaendelea vizuri.

Basi nimeona niwaandikieni, wanangu mlioshika kazi hii sasa, kabla sijasahau mambo ambayo hayamo kwenye hizo simu zenu.

Kwa asiyejua, kazi yenyewe ni hii. Mmisionari anapoacha kwao kwenda kuhudumu ugenini, kuna watu nyuma yake wanaomlisha: mwalimu wa Mbeya, muuza mbao wa Arusha, bibi wa Dodoma anayefuga kuku. Mwisho wa mwaka, mioyo ikiwa laini na wengine wakiwa wameshauza mazao yao, ofisi huwaandikia watu hao, huwaeleza kilichofanyika, na huwaomba waendelee. Anayetoa hushukuriwa. Anayenyamaza hufuatwa. Ofisi yetu ilikuwa Mji Mkongwe, ghorofani, kwenye kichochoro cha Hurumzi, juu ya duka la vitambaa. Madirisha hayakufunga sawasawa, na mvua ikinyesha tulisogeza meza zote katikati ya chumba, tukaandika barua magoti yakigusana.

Aliyenifundisha ni mkuu wetu, Bi. Perpetua, mzaliwa wa mtaa wa Ng'ambo kama mimi, mjukuu wa watu waliokuja kutoka bara kuchuma karafuu. Alikuwa na miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na daima alikuwa akiitafuta ya tatu. Alikuwa akisema kwamba mfadhili anayesikia sauti yako Desemba tu hujua unachotaka kabla hujamaliza kumwamkia. Kwa hiyo tulipiga simu Machi, tukapiga tena Juni, bila kuomba kitu. Tuliuliza mvua, tuliuliza watoto, tuliuliza goti linaloumwa. Na aliyenyamaza hatukumkumbusha ahadi yake. Tulimuuliza hali.

Jambo jingine alilolishikilia ni kutoandika habari za mtu ambazo mwenyewe akizisoma atachukia. Hili, hapa kwetu, si dogo. Tunaishi na majirani Waislamu, tunazikana, tunapikiana. Ukimwandikia mtu wa mbali kwamba jirani yako anakaa gizani akisubiri wewe umwokoe, utapata sadaka ya mwaka mmoja, na asubuhi utapita mbele ya mlango wa jirani huyo ukiangalia chini.

Uongo wa adabu nao hakuutaka. Mwaka mmoja wafadhili wa nchi ya baridi walituletea katoni za masweta ya sufu. Desemba, Unguja, jasho linakutoka ukiwa umekaa. Mimi nilishauri tuandike barua nzuri ya kushukuru, masweta tuyafungie stoo. Bi. Perpetua alikataa. Alizunguka mjini akiuliza ni nani hapa huona baridi, mpaka akafika kwenye kiwanda cha barafu karibu na soko la samaki la Malindi, ambako vijana hubeba mapande ya barafu mabegani tangu alfajiri. Wiki ile ile vijana wale walikuwa wamevaa masweta mekundu yenye picha za paa wenye mapembe makubwa. Picha ikapigwa, ikapelekwa, na barua ikasema wazi: huku ni joto sana, ila tumewapata hawa. Waliotuma walicheka, wakatuuliza tunahitaji nini hasa, na hawakutuacha tena.

Lakini niliyekusudia kuwasimulieni ni Mwalimu Tabitha.

Tabitha alikuwa mtu wa Makete, kwenye baridi na viazi. Mdogo wake alizaliwa kiziwi, na tangu utotoni yeye ndiye aliyekuwa akimwelezea ndugu yake dunia. Alipoletwa Unguja kwa michango ya makanisa ya bara, hakutafuta mahali pa kuhubiri. Alipanga nyumba Chukwani, akaanza kuwafundisha watoto viziwi lugha ya alama, kusoma na kuandika. Takriban wote walikuwa watoto wa Kiislamu.

Mzazi wa kwanza kubisha hodi alikuwa Mzee Haji, mtu wa Tumbatu aliyekuwa na genge la ndizi na muhogo pale Chukwani. Binti yake, Raya, alikuwa hasikii kitu. Mimi nilikuwapo siku ile. Mzee Haji hakukaa, alisimama mlangoni na kofia yake mkononi.

"Mwalimu, nambie kweli," alisema. "Mwanangu utamfunza dini gani?"

"Nitamfundisha kuzungumza na wewe," Tabitha akamjibu.

Alimwambia pia kwamba kiti chake kitakuwa nyuma ya darasa, aje siku yoyote bila kubisha. Mzee Haji alikuja kweli. Alikaa nyuma siku nyingi, akiangalia kwa makini kama anayekagua mizani. Baadaye akaanza kunyanyua mikono kuiga, kwanza kwa siri, kisha waziwazi, na jioni moja akamsimulia bintiye habari ya mbuzi aliyeingia gengeni, yeye na mtoto wake wakicheka mpaka machozi. Toka hapo alituletea watoto wengine mwenyewe.

Ila alitoa sharti. Picha za kupelekea wafadhili zisionyeshe sura ya mwanawe. "Piga mikono yao," alisema. "Uso niachie mwenyewe." Na hivyo ndivyo kadi zetu za mwisho wa mwaka zilivyozaliwa. Kila Desemba tulipeleka picha ya mikono ya watoto ikisema neno moja, na neno hilo limeandikwa chini: *karibu*, mwaka mwingine *rafiki*, mwingine *subiri*. Wengine walitushauri kwamba uso wa mtoto huleta fedha zaidi. Yumkini. Sisi tulibaki na mikono.

Miongoni mwa waliopokea kadi hizo alikuwamo Mzee Zakayo, fundi cherehani wa Korogwe. Alishafiwa na mkewe, akiishi na mkwewe Eliza, mke wa mwanawe ambaye ni dereva wa malori na kutwa yuko safarini. Hakuwahi kumwona Tabitha. Lakini kila mwezi alituma alichonacho kwa simu, na nyuma yake ujumbe mfupi kwamba leo amemwombea Mwalimu akishona sketi, leo akishona joho la kwaya. Tabitha alikuwa akijibu kila ujumbe kwa mkono wake. Hakuniachia mimi nijibu kwa niaba yake hata mara moja, na nilikuwa tayari.

Sasa mwaka ninaousimulia, mwenye nyumba ya Chukwani aliamua kuiuza. Alikuwa muungwana, akatupa nafasi ya kwanza ya kununua mpaka mwisho wa mwaka. Bi. Perpetua akapanga karamu kubwa ya wafadhili Dar es Salaam, katikati ya Desemba. Kadi za mwaliko zilisema msemaji ni Mwalimu Tabitha. Watu walikuwa wakija kumwona yeye, na nyumba ilikuwa ikimtegemea yeye.

Mwezi wa Novemba, Mzee Zakayo akanyamaza. Nikampigia, kama tulivyofundishwa, kumjulia hali. Aliyepokea ni Eliza. Akaniambia mzee amepatwa na kiharusi, upande wa kulia umekufa, na hasemi tena. Akaniomba radhi kwamba hawataweza kutoa kitu tena. Nilimpa pole, nikakata simu, nikawaambia wenzangu ofisini tumwingize katika maombi ya asubuhi.

Tabitha alikuwapo, akitia saini kadi. Aliniuliza kama mzee hasemi tu au na kuelewa pia haelewi. Sikujua. Akaomba simu, akampigia Eliza mwenyewe, akamuuliza mambo madogo madogo. Mzee akisikia mzaha, anatabasamu? Eliza akasema ndiyo, juzi jirani alipoelezea ndoa fulani, mzee alitabasamu. Akiletewa habari ya msiba? Analia. Tabitha akashukuru. Alimaliza kutia saini zile kadi zote, akazipanga vizuri, ndipo akasema anakwenda Korogwe.

Bi. Perpetua alivua miwani zote mbili. Alimweleza, kwa upole kwanza, kwamba karamu iko karibu, kwamba watoto watakosa mahali, kwamba Korogwe kuna makanisa na kuna wachungaji, na wao watamtembelea mgonjwa. Kisha upole ukapungua. Tabitha alisikiliza yote. Hakuwa mtu wa kubishana.

"Bi. Perpetua," alisema, "katika barua zetu zote tunaandika kwamba hakuna mtu anayestahili kuachwa bila lugha. Mzee Zakayo amezisoma zote."

Bi. Perpetua alivaa miwani moja, akatoka. Tukadhani amekasirika. Alirudi na kikapu cha halua, akampa Tabitha ampelekee mgonjwa.

Mwalimu aliahidi kwamba akiweza atarudi kabla ya karamu. Siku zilivyosogea akapiga simu kusema bado. Ndipo Bi. Perpetua akanituma mimi nikamchukue. Nilivuka kwa boti, nikapanda basi, nikafika Korogwe mchana, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumshawishi.

Nilimkuta kwenye ukumbi wa nyumba na Mzee Zakayo. Kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba mkono wa kulia wa Tabitha ulikuwa umefungwa kwa kanga, umebanwa kifuani. Nikamuuliza ameumia lini. Hakuumia. Mzee alikuwa na mkono wa kushoto tu, na alama nyingi ni za mikono miwili, kwa hiyo ilimbidi Mwalimu azitafutie njia ya mkono mmoja, na njia hiyo hakuweza kuiona mpaka naye awe na mmoja. Hivyo alikula kwa kushoto, alifua kwa kushoto, alijifunga kanga kwa kushoto na meno. Pale mtaani walishamzoea, wakimwita yule dada mlemavu wa Zanzibar.

Eliza ndiye aliyenisimulia mengine, tukiwa jikoni. Tangu mzee augue, alikuwa akimlisha uji kwa kijiko, na kila kijiko kilipokaribia, mkono wa kushoto ulinyanyuka na kufanya kitu kama kutetemeka. Walidhani ni ugonjwa. Wengine walisema akili imekwenda. Eliza alijifunza kuushusha ule mkono taratibu na kuendelea kumlisha, maskini, kwa mapenzi yote. Mwalimu alipofika, siku ile ile ulipoletwa uji, mkono ukanyanyuka. Tabitha akashtuka, akamwambia Eliza aweke kijiko chini.

"Anasema subiri," alimwambia. "Anakwambia subiri."

Lilikuwa neno la kwenye kadi. Kadi zetu zote alikuwa amezibandika ukutani juu ya cherehani, na neno lile mzee alikuwa analo tangu mwanzo, akilisema kila siku, na hakuna wa kulisikia. Eliza aliniambia alikaa sakafuni akalia. Wiki zote zile alikuwa akimshusha mkono mtu anayezungumza.

Na mzee alikuwa akimtaka asubiri nini? Hilo lilichukua siku kadhaa za masomo. Lilipojulikana, nyumba nzima ilicheka. Uji ulikuwa na sukari. Mzee Zakayo hakupenda sukari maisha yake yote, ila marehemu mkewe ndiye aliyekuwa akijua. Kikapu cha halua ya Bi. Perpetua kilikuwa kimeliwa na majirani.

Nilikaa pale siku moja na nusu. Nilimwona mzee akimwambia Eliza kwa mkono kwamba mto umekaa vibaya. Nilimwona akiuliza mwanawe amefika wapi na lori. Eliza alikuwa akijifunza haraka kuliko yeye, na wakikwama wote wawili walimgeukia Tabitha. Niliona pia kwamba hawajafika. Bado alikuwa na maneno ya mwili tu, ya njaa na ya maumivu. Akitaka kusema jambo la moyoni alikosa, akapiga kiganja kwenye paja kwa hasira, na Tabitha akaanza naye upya.

Yale maneno ya kumshawishi sikuyatoa. Asubuhi ya kuondoka nilimwambia tu kwamba karamuni nitasema mimi. Alinishika mkono kwa ule wake wa kushoto, akaniambia nisiogope, nieleze nilichokiona.

Kuogopa niliogopa sana. Mimi ni mtu wa barua na simu, si wa jukwaa. Ukumbi ulikuwa umejaa, watu wamevaa vizuri, na niliposimama badala ya Mwalimu nilisikia minong'ono. Nikawaeleza. Niliwaambia kuhusu kanga, kijiko na sukari. Kwenye sukari walicheka. Nikasema hayo ndiyo Mwalimu anayoyafanya leo, na kwa sababu hiyo hayupo, nikakaa chini.

Mngependa niwaambieni kwamba fedha zilimwagika. Hazikumwagika. Wengi walitoa kwa moyo, na wengine walinifuata wakifuta macho. Lakini mfanyabiashara mmoja tuliyemtegemea sana alimwambia Bi. Perpetua kwamba alikuja kumsikiliza msemaji, na msemaji asiyetimiza miadi hawezi kukabidhiwa nyumba. Akaondoka kabla ya chakula. Tulipojumlisha, nyumba ya Chukwani ilikuwa imetuponyoka.

Kwenye boti ya kurudi Bi. Perpetua alikaa akiangalia maji. Nilisubiri lawama, na nilijua nastahili sehemu yake, maana mimi ndiye niliyetumwa kumleta Tabitha nikarudi mkono mtupu.

"Nyumba tumeikosa, Yustina," alisema. "Lakini mtu akiniuliza kama tunayoyaandika ni kweli, sasa nitamjibu bila kutazama pembeni."

Hakulizungumza tena suala lile, wala hakumlaumu Tabitha, wakati huo wala baadaye. Nami nawaambieni, hao wawili, mmoja kwa kwenda na mwingine kwa kukubali, ndio walionifunza kazi hii kuliko semina zote nilizokaa.

Tabitha alirudi Januari, mkono wa kulia umemlegea kwa kukaa bila kazi. Akakuta hana darasa. Mimi naishi Kiembe Samaki, na katika kutafuta huku na huku nikakumbuka nyumba moja mtaani kwetu iliyokaa tupu muda mrefu kwa sababu ndege zinazotua zinapita juu yake kabisa. Hakuna mpangaji aliyedumu pale. Ukiwa ndani ndege ikipita, huwezi kusikia hata unachokiwaza. Mwenyewe alikuwa ameshakata tamaa nayo, na kile tulichokipata karamuni kilitosha kwa bei aliyoitaja. Nilipomwambia Bi. Perpetua, alinitazama, kisha tukacheka pamoja, kwa mara ya kwanza tangu Desemba. Mzee Haji alituhamishia madawati kwa gari la ndizi zake. Watoto waliipenda nyumba siku ile ile. Ndege ikipita wao huweka viganja ukutani kuuhisi mtikisiko, wakibishana nani aliyeuhisi kwanza.

Mwaka uliofuata, karibu na Krismasi, Mzee Zakayo akaja. Eliza alimleta, kwa basi na kwa boti, akitembea kwa mkongojo. Hakuja na sadaka. Alikuja kuwaona watu aliowaombea. Tulimweka kwenye kiti katikati ya darasa, na watoto wakamzunguka wakimuuliza maswali kwa kasi ambayo mimi, baada ya miaka yote, siwezi kuifuata. Raya alikuwa ameshakuwa msichana mkubwa. Alimsahihisha alama mara mbili, akimshika vidole na kuvipanga, na mzee akakubali kusahihishwa. Mmoja wa wavulana alimuuliza alikuwa akifanya kazi gani. Mzee akaanza kueleza, kwa ule mkono mmoja, jinsi kanzu inavyokatwa shingo.

Sisi watu wazima tulikaa ukutani: Bi. Perpetua, Mzee Haji, Eliza, Tabitha na mimi. Bi. Perpetua alikuwa akiniuliza kitu kuhusu chakula cha wageni ndege ilipofika. Sauti yake ikamezwa. Akaacha mdomo wazi kidogo, kisha akaufunga. Mzee Haji naye alikatiza alichokuwa akimwambia Eliza. Tukatulia sisi tunaosikia, tukingoja ipite.

Mzee Zakayo hakukoma. Mkono wake uliendelea, watoto wakiufuata kwa macho, na katikati ya ule mngurumo alisema jambo lililomfanya Raya aangue kicheko na kumpiga begani. Sisi hatukujua ni nini.